Namna ya Kuunda Injini ya Kuipita Nuru kwa Ajili ya Hadithi Yako

Hadithi nyingi za anga za juu ninazoletewa nizisome zina kawaida moja. Chombo kinaondoka duniani ukurasa wa kwanza, nahodha anabonyeza kitufe, na ukurasa wa pili wameshafika kwenye nyota nyingine. Hakuna aliyesubiri, hakuna aliyechoka, hakuna mafuta yaliyopungua. Nikiuliza kitufe hicho kinafanya nini, naambiwa ni teknolojia ya kesho. Mchana nafundisha fizikia sekondari, usiku naandika bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili, na kote kuwili jibu hilo halinitoshi. Injini ndiyo inayoamua nani tajiri katika ulimwengu wako, vita vinapiganwa wapi, barua inafika baada ya muda gani, na mama anayemuaga mwanawe bandarini atamwona tena lini. Ukiirukia, mambo hayo yote yanabaki yakielea, na msomaji anahisi kuna kitu kimepwaya hata kama hawezi kukitaja.

Kwa hiyo nakueleza hapa ninavyounda yangu. Kanuni ninayoishika ni moja: amua kwanza injini haiwezi nini. Inachoweza kitajipanga chenyewe.

Ujue ukuta kabla ya kuuruka

Katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa wala kitu chochote, nuru hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde. Tuseme kilomita 300,000. Kwa mwendo huo inafika kutoka mwezini kwa sekunde moja na kitu, kutoka kwenye jua kwa dakika nane na sekunde ishirini hivi, na kutoka Proxima Centauri, nyota jirani yetu kuliko zote baada ya jua, kwa miaka 4.24. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kingekuwa kinaelekea Proxima, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000.

Wanafunzi wakisikia hivyo husema, basi tuongeze mafuta. Mlango huo Einstein aliufunga mwaka 1905. Kadiri kitu chenye tungamo, yaani kiasi cha maada ndani yake, kinavyoikaribia kasi ya nuru, ndivyo nishati ya kukiongezea mwendo inavyopanda bila kikomo. Huwa nawapigia hesabu kwa bwawa letu. Kituo cha Julius Nyerere kule Rufiji kina uwezo wa megawati 2,115. Chukua mzigo wa tani moja, ambayo ni ndogo kuliko gari la kawaida lililojaa watu, na utake uende asilimia 90 ya kasi ya nuru. Mitambo yote tisa ikizunguka usiku na mchana, umeme wote ukaingia kwenye mzigo huo bila kupotea hata kidogo, itachukua zaidi ya miaka 1,700. Ukitaka asilimia 99, zaidi ya miaka 8,000. Asilimia 99.9, zaidi ya miaka 28,000. Ukitaka 100 kamili, hakuna idadi ya miaka inayotosha. Darasa hunyamaza kabisa hapo, na mimi napenda ukimya ule, kwa sababu mtu aliyeuona ukuta kwa macho yake hawezi tena kuandika kitufe.

Ukuta huo huo una zawadi yake. Ukienda kasi sana, saa yako inatembea polepole kuliko ya waliobaki nyumbani. Hili limepimwa. Kuna chembe ziitwazo myuoni, zinazozaliwa juu sana hewani, kama kilomita 15 kutoka ardhini, mionzi ya anga inapoigonga hewa. Umri wake wa wastani ni sehemu mbili na kidogo za milioni ya sekunde, muda ambao ungetosha mita 660 hivi tu. Lakini zinatufikia huku chini kwa wingi, kwa sababu kwa mwendo wake muda wake umerefuka. Chombo kikienda asilimia 99 ya kasi ya nuru, miaka saba ya nyumbani ni mwaka mmoja tu kwa mabaharia. Basi kama kiini cha hadithi yako ni huzuni ya kuachana, dada anarudi kijana na kumkuta mdogo wake mzee mwenye mvi, usiipite nuru kabisa. Baki chini ya ukuta. Utapata hadithi nzito zaidi, na fizikia yote itakuwa upande wako.

Chagua njia ya kuupita

Kama bado unataka kupita, zipo njia tatu ambazo waandishi huzitumia. Mbili zina hesabu za kweli nyuma yake.

Ninayoipenda ni ya kuikunja anga yenyewe. Fikiria sisimizi juu ya mkeka. Sheria inamkataza sisimizi kukimbia zaidi ya kiwango fulani juu ya mkeka, lakini haimkatazi mtu kuukusanya mkeka mbele yake na kuunyoosha nyuma yake. Sisimizi hajavunja sheria, na amefika ukingoni mapema. Anga inaruhusiwa kutanuka kwa kasi yoyote. Hata sasa ziko galaksi za mbali sana ambazo umbali kati yetu na zenyewe unakua kwa kasi kuliko nuru. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Mexico, Miguel Alcubierre, aliiandika hesabu yake kamili kwa kutumia milinganyo ya Einstein: anga inabanwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma, na katikati chombo kimetulia ndani ya kiputo cha anga tambarare. Abiria hawasukumwi kwenye viti, na saa za ndani zinakwenda sawa na za nyumbani.

Sasa angalia bei yake, maana ndipo hadithi inapopatikana. Kwanza, kiputo kinadai nishati hasi. Hiyo si nishati kidogo, ni nishati iliyo chini ya sifuri. Kitu kinachofanana nacho kipo: mwanafizikia Hendrik Casimir alikadiria mwaka 1948 kwamba bamba mbili za metali zilizokaribiana mno katika ombwe zitavutana, na baadaye nguvu hiyo ikapimwa maabara. Ila ni kiasi kidogo mno. Hesabu za mwaka 1997 zilionyesha kwamba kiputo cha kutosha chombo kinaweza kudai nishati kuliko iliyomo katika ulimwengu wote tunaouona. Mwaka 1999 mwanafizikia mwingine akabadilisha umbo la kiputo na kuishusha hadi kwenye tungamo la majua machache, ambalo bado ni kubwa kuliko chochote tunachoweza kukishika.

Pili, aliye ndani ya kiputo hawezi kukiongoza. Kiputo kikishaipita nuru, ishara yoyote kutoka kwa rubani haiwezi kuufikia ukingo wake wa mbele, hivyo njia yote lazima ipangwe kabla. Tatu, na hili ndilo tamu kuliko yote, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walionyesha mwaka 2012 kwamba chembe za angani zinazozolewa njiani hukusanyika kwenye kiputo, na chombo kinaposimama huachiwa zote kwa pamoja kama mlipuko wa mionzi kuelekea mbele. Kwa hesabu hizo, chombo kinachofika mbele ya mji kinauangamiza mji uliokuja kukipokea.

Nilipoisoma habari hiyo nilijua nimepata ulimwengu wangu. Katika mfululizo wangu chombo kinaitwa *Mtepe*, na sheria ya kwanza ya bandari zote ni kwamba hakuna anayesimamisha kiputo karibu na sayari yenye watu. Unasimama mbali kama sayari ya Neptuni ilivyo mbali na jua, kichwa kimeelekezwa kwenye giza tupu, halafu unaingia ndani kwa injini ya kawaida. Nikaipiga hesabu. Ukisukumwa kwa moja ya kumi ya mvuto wa dunia, ukiongeza mwendo nusu ya kwanza ya safari na kuupunguza nusu ya pili, unafika kwenye jua baada ya siku 50 hivi. Yaani kuingia ndani kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuvuka hadi nyota jirani. Basi bandari zikahamia ukingoni, miji ikakua kwenye barafu la mbali, na watu wa sayari za ndani wakawa ndio wanaopata habari mwisho. Sikuyapanga hayo. Sheria moja ya injini iliyazaa.

Njia ya pili ni handaki: midomo miwili ya anga iliyounganishwa kwa ndani. Einstein na Nathan Rosen waliandika hesabu yake mwaka 1935. Mwaka 1962 ikaonyeshwa kwamba handaki la aina hiyo hujifunga haraka kiasi kwamba hata nuru haiwahi kupita, na mwaka 1988 Michael Morris na Kip Thorne wakaeleza linaweza kushikiliwa wazi kwa nini: nishati hasi, tena. Handaki linafaa hadithi za ushuru, mipaka na magendo, kwa sababu mdomo una mahali pake na mwenye mahali ndiye anayetoza.

Njia ya tatu ni kuhamia katika anga nyingine ambako umbali ni mfupi, kisha kurudi. Hii ni ya kubuni tupu, na ukiitumia una uhuru wote. Kwa hiyo wewe mwenyewe ndiye unayepaswa kuwa mkali zaidi.

Amua kasi, kisha uchore ramani

Andika mwendo wa chombo kwenye daftari kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, na usiubadilishe. Mimi nilitaka Proxima iwe safari ya siku 30. Miaka 4.24 mara 365, gawanya kwa 30: chombo kinakwenda mara 52 hivi ya kasi ya nuru. Namba hiyo moja imenichorea ramani nzima. Nyota ya Sirius, iliyo miaka ya nuru 8.6 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huupita kwa mwaka), ni miezi miwili. TRAPPIST-1, yenye sayari zake saba, miaka ya nuru 40 hivi, ni zaidi ya miezi tisa; mjamzito akipanda chombo huku, huenda mtoto akazaliwa njiani. Katikati ya galaksi yetu ni miaka 500. Galaksi ya Andromeda haifikiki kamwe.

Wengi huandika "vyombo vinavyokwenda galaksi zote" bila kuipiga hesabu hiyo. Ukiipiga utagundua ulimwengu wenye nyota ishirini au thelathini tu zinazofikika unatosha vitabu vya maisha yako yote, na kila nyota inaweza kuwa na tabia zake. Vya mbali viache viwe mbali. Shimo jeusi la Cygnus X-1 liko miaka ya nuru 7,000 hivi, yaani zaidi ya miaka 130 kwa *Mtepe*. Wahusika wangu wanaliongelea tu, na wanaliongelea kwa mapenzi, kwa sababu satelaiti iliyolichunguza kwa mionzi ya eksirei na kusaidia kulitambua iliitwa Uhuru. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Mwandishi wa Kiswahili anayedhani anga za juu ni habari ya watu wengine, naomba aishike tarehe hiyo.

Mpe nahodha sababu ya kukaa bandarini

Hapa nataka tukae kidogo. Pwani yetu ilijengwa na chombo chenye masharti. Majahazi kutoka Omani, Hadhramaut na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, yakapandisha na kusi. Katikati, upepo usipokuwa umegeuka, hakuna tajiri wala nahodha aliyeweza kuondoka. Wakakaa. Wakapanga nyumba, wakakopeshana, wakaoa, wakazaa, wakazikwa huku. Miji ikakua kwa sababu ya kungoja kama ilivyokua kwa sababu ya biashara. Jahazi lingekuwa na uwezo wa kwenda na kurudi siku yoyote, sijui kama Lamu ingekuwa Lamu.

Kwa hiyo itafutie injini yako kaskazi na kusi yake. Yangu ni joto. Katika ombwe hakuna hewa wala maji ya kulichukua joto. Linatoka kwa mionzi tu, na hiyo ni njia ya polepole. Kila baada ya safari *Mtepe* hufungua mabawa ya kupozea yenye urefu wa uwanja wa mpira, nayo hung'aa wekundu wa makaa, kisha wekundu wa kutu, kisha meusi. Inachukua siku 40. Huwezi kuharakisha. Ukiwasha kabla, pete ya injini inapasuka. Katika siku hizo 40 ndimo nimeweka karibu hadithi zangu zote: deni, posa, ugomvi wa urithi, baharia anayetoroka. Muda wa safari yenyewe naupita kwa aya mbili.

Usisahau habari. Amua kama ujumbe unaweza kwenda kasi kuliko chombo. Ukisema hauwezi, basi kila chombo kinachofika ni gazeti, kila nahodha anajua jambo ambalo mji haujui, na mtawala anaweza kuwa amekufa tangu mwezi uliopita huku watu wakiendelea kumwombea afya njema. Mimi nimechagua hivyo, na nakushauri uchague hivyo.

Tatizo la wakati usilikimbie

Msomaji anayeijua fizikia atakuuliza kuhusu wakati, na ana haki. Einstein alionyesha kwamba watu wawili wanaotembea kwa mwendo tofauti hawakubaliani ni matukio gani yametokea kwa pamoja. Chini ya kasi ya nuru kutokubaliana huko hakumdhuru mtu. Juu yake, daima yupo mtazamaji ambaye kwake ujumbe umefika kabla ya kutumwa, na kwa vyombo viwili vilivyopangwa vizuri unaweza kupokea jibu kabla hujauliza swali.

Una njia mbili za heshima, mbali na kuandika hadithi yenyewe ya kurudi nyuma katika wakati. Moja ni dhana ya Stephen Hawking ya mwaka 1992, kwamba sheria za maumbile huzuia mizunguko ya wakati, yaani safari zinazokurudisha kwenye wakati uliokwisha kupita. Kwenye hadithi yako handaki linalokaribia kuunda mzunguko huo linaporomoka. Hiyo inakupa ajali, na watu wa kulaumiwa. Nyingine, ambayo ndiyo yangu, ni kuchagua mtazamaji mmoja rasmi wa ulimwengu mzima. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza wamenasa mawimbi yaliyojaa anga yote, masalio ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Jua letu linasafiri kwa kilomita 370 hivi kwa sekunde ukilipima kwa mawimbi hayo. Katika ulimwengu wa *Mtepe*, kiputo kinakubali kuumbika pale tu chombo kinapokuwa kimetulia kabisa kwa kipimo hicho. Kila kiputo kinaanza kwa mtazamaji yule yule, na mizunguko ya wakati haiundiki.

Sharti hilo lilinipa kazi ya kumpa rubani. Kabla ya kuruka lazima aufute mwendo wote wa kilomita 370, na kwa msukumo wa moja ya kumi ya mvuto wa dunia hiyo ni siku nne na saa kadhaa. Mabaharia wangu huziita siku za kutuliza. Hapigiwi mtu kelele, hakuna ngoma, na rubani halali zaidi ya saa mbili mfululizo.

Iweke kwenye mikono ya watu

Ukishamaliza daftari, liweke mbali na meza. Msomaji hapaswi kulisoma. Anapaswa kuliona likifanya kazi. Hiki ni kipande kutoka hadithi yangu ya pili:

*Kombo aliweka kiganja juu ya bomba la kupozea, akahesabu kimoyomoyo mpaka tano, akakiondoa.*

*"Bado," alisema.*

*"Nahodha anasema siku zimetimia, mjomba. Mzigo umeshapakiwa."*

*"Siku zimetimia kwenye kalenda. Mwambie Nahodha ashuke, alishike yeye mwenyewe."*

*Kijana hakuondoka. Alilitazama bomba, akalitazama bawa kupitia dirisha dogo. Kwenye ncha, mbali kabisa, palikuwa na doa jekundu lisilozidi ukubwa wa kucha.*

Hakuna Alcubierre hapo, hakuna nishati hasi, hakuna namba. Lakini umeshajua kwamba injini inapozwa, kwamba kuna ratiba, kwamba ratiba na chuma havikubaliani, na kwamba fundi mkuu ana mamlaka ambayo nahodha hana. Maelezo ya moja kwa moja nayaruhusu mara moja tu katika kitabu kizima, aya moja, na huyaweka kinywani mwa mtu mwenye sababu ya kueleza: fundi anayemfundisha mwanagenzi, au wakili mbele ya hakimu baada ya ajali. Wataalamu wawili wasielezane wanachokijua wote.

Kuhusu maneno, tumia yale ambayo watu wa kazi wangeyatumia wao kwa wao. Fundi aliyeishi na pete ya injini miaka ishirini hataiita kwa jina lake refu la kitabuni. Mwache aiite pete. Rubani aseme *tumetulia*, au *hatujatulia*, basi.

Mwisho kabisa, tengeneza jedwali la safari zote za kitabu: chombo kimetoka wapi tarehe gani, siku ngapi za kutuliza, ngapi za kiputo, ngapi za kuingia ndani, ngapi za kupoza. Kwa *Mtepe*, kwenda Proxima na kuteremka kwenye sayari iliyo karibu na nyota yake ni siku nne, kisha 30, kisha 50 kama injini ya kawaida inauvuka umbali ule ule, huku mabawa yakipoa ndani ya hizo 50. Kila barua, kila mimba, kila deni lenye tarehe ya kulipwa ulilinganishe na jedwali hilo. Likigongana, badilisha tukio, usiguse injini. Kisha mpe mswada mtu mmoja anayependa hesabu, umpe na jedwali, umwombe akutafutie siku ambayo mhusika amepata habari kabla chombo kilichoileta hakijafika.